Waliochelewa Kipindi cha Nne

Mwalimu wa ushauri alikuwa amefura tangu asubuhi, na wala hakujisumbua kuficha. Ofisini kwa mkuu wa shule, barua ya kumsimamisha masomo binti wa kidato cha pili ilikuwa imeshapigwa muhuri, na mama yake, aliyeketi pale pale, ameshakabidhiwa. Wiki tatu nyumbani, na mtihani wa mwaka ulikuwa wiki ijayo. Yaani binti arudie darasa. Kosa lake ni kuchelewa kipindi mara sita.

"Sheria ni sheria," alisema mwalimu wa nidhamu, bwana mmoja wa kujisikia kupindukia, huku akilipigapiga daftari lake la makosa.

"Na hizi ni nini, mapambo?"

Mwalimu wa ushauri alibwaga mezani rundo la dodoso. Muhula uliopita wanafunzi wote waliulizwa, bila kuandika majina, kama wanajisikia salama na kama shule inawatendea haki. Majibu yakafungiwa kabatini kusubiri wakaguzi. Upuuzi mtupu! Yeye aliyatoa, akakesha nayo siku mbili akiyalinganisha na daftari la nidhamu, na sasa akawasomea alichokuta. Walioandikwa na kuchapwa viboko kwa kuchelewa muhula huu walikuwa hamsini na wanane, wote wasichana, na wote kipindi cha nne, mara tu baada ya mapumziko. Kwenye dodoso wasichana walikuwa wamelia kilio kimoja: vyoo vyao vitatu vimefungwa tangu bomba lipasuke, kimebaki kimoja.

Mkuu wa shule akavaa miwani, akainua karatasi moja. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Hapo mwalimu wa ushauri damu ikamchemka hasa. Mtoto anaambiwa sema ukweli, akiusema anasakwa! Akampokonya ile karatasi.

"Mkuu, kengele ya mapumziko hiyo inalia. Twendeni tukapange foleni."

Wakaenda, mama naye nyuma yao na barua yake. Foleni ya choo cha wasichana ilikuwa imezunguka ukuta. Mwalimu wa nidhamu akasimama mkiani, akijichekesha. Robo saa ikaisha, kengele ikalia tena, na mbele yake walikuwa bado wasichana kumi na tisa, wengine wamebana miguu, hakuna aliyethubutu kumtazama. Kicheko kikamkauka. Kipindi cha nne alikuwa na darasa la kufundisha.

Mwalimu wa ushauri akamnyooshea daftari na kalamu. "Haya, mwenzangu, jiandike."

Hakuipokea kalamu. Mkuu wa shule akaichukua barua mkononi mwa mama, akaichana.

"Yameisha, mama. Binti yetu atafanya mtihani. Tusameheane."

Mama hakushukuru. Aliitazama ile foleni.

"Wangu mmemchania barua," akasema. "Wale hamsini na saba mliokwisha kuwachapa, mtawachania nini?"