Clementi Anazima, Programu Inawasha

Mizani ya samaki ya Murangi hufunguliwa mitumbwi ya kwanza inapofika. Nyangi hukaa mezani, sangara wanapandishwa, naye anaingiza uzito kwenye kompyuta kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia. Baba yake, Clementi, aliyepima hapo kabla yake, ndiye aliyemfundisha: kidole cha kati juu ya tano, penye kijinundu, halafu huangalii tena chini. Mkono wake ulinukia sabuni ya mche. Nyangi anaikumbuka harufu ile mpaka inamuuma.

Programu aliiandika mwenyewe. Kwenye kona aliweka taa: kijani, namba zinaandikika; nyekundu, kitufe cha kuziwasha, Num Lock, kimezimwa. Taa haibahatishi. Huiuliza kompyuta hali ya kitufe kila mara.

Clementi alizikwa Juni. Julai akarudi kazini. Kila Nyangi alipotaka kukata kilo ya maji, ile wanunuzi wanayokata eti samaki kaloa hata akiwa mkavu, taa iligeuka nyekundu na namba zikagoma. Kibodi haikuguswa na mtu. Namba za safu ya juu Nyangi hakuzizoea, wala hakutaka kuzizoea.

"Mzee kaja," alisema mama Esta, mwenye mtumbwi. "Alikuwaga hivyo hivyo, hakati. Walimfukuza kwa sababu ya hayo hayo maji."

Wavuvi wakawa wanakiamkia kiti alichokuwa akikalia mzee kabla ya kupima. Maji hayakukatwa tena, na Nyangi akawa anawahi kazini kwa furaha, kama enzi zile alipompelekea baba chai.

Kisha Benson, bosi, akaja kutoka Musoma. Aliitazama taa, akavua kofia.

"Pole na kazi, mzee," alikiambia kiti. Akamgeukia Nyangi. "Programu si inajua kitufe kikizimwa? Basi ikiwashe yenyewe. Ukishindwa, nitaleta mpimaji mwingine na kompyuta yake."

Nyangi alifikiria baba angekwenda wapi kompyuta hii ikiondolewa. Akaongeza kwenye programu mstari wa kukiwasha kitufe.

Sasa taa inageuka nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, mchana kutwa. Clementi anazima, programu inawasha. Jana mama Esta aliwapandisha sangara wake wakavu, akaitazama taa ikihangaika.

"Usimwambie apumzike," alisema. "Mwache, anajitahidi."

"Shikamoo, baba," alisema Nyangi. Akakata kilo ya maji, akauita mtumbwi unaofuata.