Kifuo cha Kenga

Mwaka wa themanini na nne nilitoka Marafa hadi Gede nimefura kwa hasira, kwenda kumrudisha nyumbani dada yangu Mbeyu. Nilikuwa nimesikia kwamba mumewe Kenga, tangu atoke vita vya mashifta, akishtuliwa na kishindo huvunja vyungu na kutaka kupigana. Mwanamume mzima!

Nilipokuwa nikiingia uani, nazi ikadondoka kutoka mnazini, pu! Kenga akaruka, macho yamemtoka, ngumi amezikunja. Nikainua bakora.

Mbeyu hakukimbia. Alisimama pale anapoonekana, akasema taratibu, "Kenga, uko Gede. Ni nazi hiyo. Nenda ukafue."

Kenga akaenda kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, akazikita nazi na kuzichuna kwa nguvu zote, jasho likimtiririka, hadi pumzi zikamtulia. Lundo la makumbi lilikuwa limefika dirishani.

"Chungu cha mwisho kilivunjika mwaka jana," dada akaniambia.

"Sitaki kusikia! Funga virago!" nikafoka, bakora ingali juu.

Kenga akanitazama, akasogea kando ya kifuo, akaninyooshea nazi.

"Karibu ufue, shemeji."