Makaa ya Ijumaa

Zulma Techera alipovuka ua na kuhamia upande wa boila, wanawake wa chumba cha sufuria walimcheka mpaka miiko ikawadondoka. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye goti bovu na mikono iliyozoea kukoroga maziwa na sukari mpaka yawe jamu, eti anakwenda kujifunza kulisha moto kuni! Na chini ya nani? Chini ya Wilmar Olazábal, mzee mbishi kuliko wote katika mji ule, ambaye wanagenzi wawili waliomtangulia Zulma walimkimbia bila hata kuaga.

Zulma naye alicheka, ila alikwenda. Alikuwa amechoka kukoroga, basi. Mzee Wilmar alikuwa anastaafu Krismasi, sufuria za jamu hazichemki bila mvuke wa boila, na mtu wa boila hapigiwi kelele na yeyote. Hilo la mwisho ndilo lililomvutia zaidi.

"Ukiingia asubuhi unaangalia nini kwanza?" Mzee Wilmar alimuuliza siku ya kwanza.

"Moto, mzee."

"Toka nje uingie upya."

Akatoka, akaingia. Akaulizwa tena, akasema mshale wa geji, ile inayopima nguvu ya mvuke, akatolewa tena. Mara ya nne akachoka kubahatisha, akatazama ubavuni mwa lile lidude jeusi, akakiona kile kioo chembamba kinachoonyesha maji yaliyomo ndani.

"Kioo cha maji?"

"Haya, karibu. Maji yakiisha humo ndani, mimi na wewe tutaokotwa kule mtoni vipande vipande. Moto utausalimia baadaye."

Basi akajifunza. Akajua mkaratusi mbichi hutoa moshi mwingi na joto la kinafiki, na mkaratusi mkavu ndio unaofanya kazi. Akajua kupakua majivu bila kuyala. Akajua pia sheria za chai ya kibuyu, ile chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija na kupokezanwa, ambazo mzee alizishika kuliko padri anavyoshika misa: anayetawala moto ndiye anayemimina. Mwanagenzi hunyonya mrija wake, hurudisha kibuyu, na wala haigusi chupa ya maji ya moto. Wakati wake ukifika ataambiwa. Zulma aliiona sheria hiyo ya kitoto, na bado aliitamani ile chupa kama nini.

Sasa kuna jambo ambalo lazima lijulikane. Mkuu wa chumba cha sufuria, aliyemfundisha Zulma kukoroga, shoga yake wa miaka na miaka, alikuwa Nelba. Na Nelba alikuwa mke wa Mzee Wilmar.

Nelba alikuwa na gonjwa moja tu maishani: Ijumaa. Jumatatu mpaka Alhamisi jamu yake ilitoka ya kahawia, laini, inang'aa, watoto wa mji waliramba vifuniko. Ijumaa ilitoka imepauka na ina chenga kama mchanga. Walishalaumu maziwa ya Ijumaa, walishalaumu ng'ombe, walishalaumu upepo wa kusini na umbea wa wakorogaji. Nelba alikuwa amefunga hadi utepe mwekundu kwenye mwiko wake wa Ijumaa, dhidi ya kijicho. Utepe ulipauka pamoja na jamu. Na mwenye kiwanda, Berrutti, ambaye ulimi wake bado ulijua jamu nzuri ila subira yake iliisha zamani, alishatangaza mbele ya watu kwamba Ijumaa mbili zikiharibika tena, Nelba atakwenda kuosha makopo na sufuria itapewa mtu mwingine.

Ijumaa ya kwanza ya Zulma kule kwenye boila, saa nne asubuhi, akaingia Nibio, dereva wa lori la kuni, na kifurushi cha mbavu za ng'ombe kwapani.

"Dada, kila Ijumaa huku ni nyama! Leo utakula ujue kwa nini watu wanazeekea huku!"

Mzee Wilmar akafungua mlango wa tanuri wazi kabisa. Akachukua beleshi, akachota makaa mekundu, akayamwaga nje chini ya wavu wa kuchomea nyama. Akachota tena. Akachota tena. Hakuwa na haraka, alikuwa anapiga mluzi. Zulma alitazama mshale wa geji ukishuka kutoka saba, ukapita sita, ukaenda kukaa kwenye tano.

"Mzee, mshale umeshuka."

"Kidogo tu. Utapanda wenyewe, hauna pa kwenda."

Kwa Wilmar ilikuwa kidogo kweli. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kukanyaga chumba cha sufuria, kwani huko kulikuwa kwa wanawake na sukari. Lakini Zulma alikijua kile kidogo kwa mikono yake mwenyewe. Saa nne ndiyo saa ambayo jamu inaanza kushika. Mvuke ukilegea hapo, maziwa yanaacha kuchemka, sukari inakaa chini, chenga zinaanza, na hata ukoroge mpaka bega ling'oke huzitoi tena. Miaka yote ile alikuwa akikoroga huku akiapa kwamba sufuria ina shetani. Shetani mwenyewe huyu hapa, anapiga mluzi, ana mafuta ya mbavu kwenye masharubu.

Mbavu zilikuwa tamu, tusidanganyane. Zulma alikula tatu. Jioni alimkuta Nelba getini, macho yamemvimba.

"Bado moja, shoga," Nelba alisema. "Ijumaa ijayo ikiharibika, naenda kuosha makopo. Umri huu!"

"Mumeo anasemaje?"

"Wilmar? Anasema labda ni maziwa."

Wiki ile Zulma hakulala vizuri. Aseme? Mzee ndiye atakayemwambia Berrutti kama mwanagenzi anafaa au hafai. Mwanagenzi anayemharibia mzee nyama yake ya Ijumaa hafai, hilo halihitaji kuulizwa. Na kurudi chumba cha sufuria asingeweza, nafasi yake ilishajazwa. Asiseme? Basi shoga yake anaosha makopo na yeye anakula mbavu. Aliona aibu hata kuliwaza.

Jumatano alijaribu kuzunguka. "Mzee, hivi tungewasha moto mwingine pembeni kwa ajili ya nyama?"

"Moto mwingine!" Mzee Wilmar alitazama dari kana kwamba ametukaniwa mama. "Makaa ya tanuri hili yana ladha ambayo huipati popote. Halafu sikiliza. Ijumaa hii nyama unachoma wewe. Kuanzia asubuhi moto ni wako, makaa ni yako, mimi sigusi kitu. Ukiweza hiyo, nakwenda kwa Berrutti mwenyewe. Hata mimi nilipitishwa hivyo."

Zulma akasema asante, akaenda nyuma ya rundo la kuni akatukana peke yake.

Ijumaa ikaja. Aliangalia kioo cha maji, akalisha moto, mshale ukatulia kwenye saba. Saa nne Nibio akafika na mbavu, safari hii na soseji juu yake, akazipanga kwenye wavu, akamkabidhi Zulma beleshi kwa heshima zote.

"Fungua, dada. Tumbo linauliza."

Zulma alilishika beleshi. Kutoka ng'ambo ya ua alimsikia Nelba akiwahimiza wenzake, sauti kavu ya mtu mwenye hofu. Akapiga moyo konde, akaliegemeza beleshi ukutani, akasimama na mgongo wake kwenye mlango wa tanuri. Mlango ulikuwa wa moto, akasogea hatua moja, lakini alisimama.

"Sifungui."

"Hufungui nini?" Mzee Wilmar aliinuka kwenye gogo lake. "Mlango huo nimeufungua kabla wewe hujaota meno!"

"Najua, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

"Nibio, huyu mwanamke amepigwa na joto."

"Sijapigwa na kitu! Kila mkichota makaa hapa, mvuke unakufa kule. Saa hii hii jamu inashika. Sio maziwa, mzee. Sio ng'ombe wala upepo. Ni nyinyi na mbavu zenu. Nifukuze ukitaka, lakini leo Nelba atapata mvuke wake."

Nibio akakumbuka ghafla kwamba lazima akakague matairi ya lori. Mzee Wilmar alitazama mshale. Alitazama beleshi. Zulma aliona usoni mwake Ijumaa zikipita, moja baada ya nyingine, kila jioni mke akirudi nyumbani analia na mume hana njaa. Alikaa tena kwenye gogo, polepole, kama mtu anayeogopa kulivunja.

"Ongeza kuni," alisema baadaye. "Zile kavu."

Zulma alilisha moto mpaka saa sita. Mbavu zilikaa juu ya wavu, mbichi, na nzi walizishukuru.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Nelba. Hakuwahi kuingia mle hata siku moja. Mkononi alikuwa na bakuli na kijiko, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Angalia rangi! Angalia! Berrutti ameonja, ameondoka na kopo zima! Shoga, umefanya nini huku—"

Aliziona mbavu mbichi, wavu usio na makaa, beleshi jeusi ukutani. Alimwona mumewe akitazama viatu vyake. Nelba hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na safari hii hakuambiwa hata mara moja.

"Wilmar. Ijumaa zote?"

"Zote," alisema mzee. "Sikujua, Nelba. Wallahi sikujua. Wala sikuuliza."

Nelba alichota jamu kijiko kizima, akamlisha Zulma. Akachota kingine. Mzee Wilmar, masikini, akafungua mdomo. Kijiko kilipita mbele ya pua yake kikaingia kinywani mwa Nelba, naye akakilamba taratibu, akimtazama.

"Na hizo mbavu nabeba mimi," alisema. "Wasichana wangu hawajala."

Aliketi kwanza apumzike, juu ya gogo la mumewe, ambalo mumewe alimwachia haraka. Mzee Wilmar alichukua chupa ya maji ya moto, akaishika kidogo kama mtu anayeaga, akaisukuma mpaka mbele ya Zulma.

"Mimina wewe," alisema.

Zulma alifuta mikono kwenye aproni. Akamimina, akampa Nelba kibuyu cha kwanza. Cha pili akanywa mwenyewe, bila haraka, huku jicho moja likiwa kwenye kioo cha maji. Mzee Wilmar alisimama karibu na mlango, akangoja zamu yake.