Kisu Kilicholegea

Dada Mkubwa angemwonea mdogo wake wivu kwa sababu ya nyumba, au mume, au hata nywele, watu wangemwelewa. Lakini kisu! Kisu cha kukunja, cha mpini wa mti uliochakaa, cha kutia mfuko wa shati. Mtu mzima na akili zake, mama wa watoto, roho inamuuma kwa kitu ambacho ukikikuta barabarani unakiruka tu.

Kisu chenyewe kilikuwa cha baba yao, fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, sponji zimepangwa hadi darini, na harufu ya gundi ilikuwa imehamia ukutani miaka na miaka. Mabinti zake wawili walifanya kazi humo. Dada Mkubwa alikata vitambaa na kushona. Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyezaliwa mwisho, alijaza sponji, alipiga pini, na alicheka na wateja kupita kiasi.

Mle ndani mlikuwa na taratibu mbili zisizovunjwa. Kwanza, kochi la mteja hufunguliwa mbele ya mteja. Mwenye kochi anasimama pale, Fundi anatoa kisu mfukoni, anakata mshono wa kwanza chini ya kiti, na wote wanaona kilichomo: sponji iliyooza, springi zilizokatika, pengine kijiko ambacho mfanyakazi wa ndani alifukuzwa kwa ajili yake. Hapo hakuna atakayerudi kesho kudai ameibiwa. Pili, kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakifunga, unakiweka mezani, mwenzako anakiokota. Fundi alikuwa na kovu kiganjani lililomfundisha hilo ujanani, na mabinti zake walilijua kovu lile kabla hawajajua kusoma.

Mkato wa kwanza ulikuwa wa Fundi peke yake. Na siku Fundi atakapopumzika, utakuwa wa yule aliyeachiwa kisu. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo, lakini Dada Mkubwa alilijua kama anavyojua jina lake, na alijua pia kwamba mwenyewe ni yeye. Nani mwingine? Kitinda, anayekata mahameli bila kuangalia manyoya yamelalia upande gani?

Basi siku moja alikuwa nyuma ya rundo la sponji akitafuta mkasi wake. Fundi alikuwa amemaliza kukata mshono wa kiti, mteja ameshaondoka. Badala ya kukifunga kisu na kukiweka mezani, akamnyooshea Kitinda, kikiwa wazi vile vile, mkono kwa mkono. Kitinda akakipokea, akakifunga, akamtumbukizia baba yao mfukoni, kisha akaupigapiga ule mfuko taratibu. Wala hawakusemezana. Ilikuwa dhahiri kwamba hawakuanza siku ile.

Dada Mkubwa alisahau mkasi. Masikio yalimwaka moto. Yeye mwenyewe, tangu aingie karakana ile akiwa msichana, hajawahi kupewa kisu kile mkononi hata mara moja. Amekiokota mezani kama wengine. Kumbe utaratibu ulikuwa wa kwake tu!

Tangu hapo hakuwa na raha. Alijitia hamnazo, anashona, lakini jicho liko kwa baba. Kila kochi lilipofunguliwa aliona yale yale: kisu kinatoka kwa mzee, kinaingia kwa Kitinda, kinarudi mfukoni. Nyumbani alimsimulia mumewe, mumewe akamwangalia akiwa na tonge mkononi.

"Yaani mke wangu unamwonea mdogo wako wivu kwa kisu?"

"Si kisu."

"Ni nini sasa?"

Akamwongezea mchuzi. Angemwambia nini? Kwamba anaogopa kuwa baba yake ameshachagua, na hakumchagua yeye?

Akaona dawa ni kuwa na chake. Mwenye duka la vifaa alimfahamu upesi na akamfurahia sana. Alimuuzia kwanza kisu chenye kila kitu ndani, bisibisi, kifungua chupa, hata kijiti cha meno, kizito mpaka gauni likawa linaning'inia upande mmoja. Akarudi na kuchukua kingine, cheusi, cha kubonyeza kitufe. Hicho kilijifungua chenyewe mfukoni akiwa ameinama, na pindo la gauni likapata mlango mpya. Cha tatu kilikuwa kizuri kwa macho, lakini mpini wake uliteleza ukishika gundi.

"Dada, unatafuta kisu au mchumba?" Kitinda alimuuliza, akiviangalia vimepangwa kando ya cherehani.

"Wewe cheka tu. Wenye vyao wanacheka."

Kitinda aliacha kucheka. Akarudi kwenye sponji zake. Dada Mkubwa akasema moyoni, ameona haya, na vizuri aone.

Jioni moja Fundi alivua koti lake la kazi, akalitundika msumarini, akaenda nyumbani na shati jingine bila kukumbuka kuhamisha kisu. Kitinda alikuwa amepeleka viti kwa mteja. Dada Mkubwa alibaki peke yake na lile koti. Alizunguka meza, akafagia pasipohitaji kufagiwa, mwisho akatia mkono mfukoni.

Jamani, kile kisu! Mpini ulikuwa umelika pale pale kidole gumba kinapokaa, kana kwamba mti wenyewe uliamua kumpisha mtu. Bapa lilikuwa fupi, la kutosha mshono na lisilotosha balaa. Hakikuwa na uzito wa kusumbua mfuko wala wepesi wa kupotea. Miezi yote ile anahangaika dukani, na kisu alichokuwa akikitafuta kilikuwa hapa, hatua chache kutoka cherehani yake, kwenye mfuko ambao mkono wa mwingine ndio unaoruhusiwa.

Lakini kilikuwa kimelegea. Kile kimsumari kinachoshika bapa na mpini kilikuwa kimeachia kabisa. Ukikiinamisha, bapa linatoka lenyewe kwa uvivu. Makali nayo yalikuwa butu kwenye ncha. Dada Mkubwa alikasirika kwa furaha, kama mtu aliyepata ushahidi. Haya ndiyo matunzo ya Kitinda! Kila siku kinapita mkononi mwake, hajaona kwamba kinakufa?

Akakiweka juu ya chuma, akagonga kimsumari kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, mpaka bapa likakaa kwa adabu. Akakinoa kwenye jiwe, akakipangusa. Sasa kilifunguka kwa kucha na nguvu, kikafungwa kwa mlio mmoja wa kuridhisha. Akakirudisha kwenye koti. Njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa akimsikia baba yake akiuliza kwa mshangao, "Nani kakitengeneza kisu changu?" na yeye akijibu bila makeke, "Ni mimi, baba."

Asubuhi alikuja mwenye hoteli. Huyu hakuwa mteja wa kiti kimoja. Alikuwa na ukumbi mzima wa viti, na alileta kimoja cha kujaribia kazi. Alikuwa bwana wa shati lililonyooshwa, mwenye kuangalia vitu kama anayetafuta kasoro ya kupunguzia bei. Kitinda alikigeuza kiti miguu juu. Dada Mkubwa alisogea karibu kuliko kawaida yake.

Fundi akavaa koti, akatoa kisu, akaweka ukucha kwenye bapa.

Halikutoka.

Akajaribu tena. Ukucha ukateleza. Akakigeuza kisu, akakiangalia, akajaribu kwa mkono mwingine, na hapo ndipo Dada Mkubwa alipouona mkono wa baba yake. Ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa baridi wala kwa hasira. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, vinagongana na mpini, na kadiri mzee alivyojikaza ndivyo vilivyozidi. Mwenye hoteli naye aliviona. Alikunja uso kidogo, akaangalia kiti chake, akaangalia tena ile mikono.

Ghafla kopo la pini likaanguka. Pini zikatawanyika sakafuni, hadi kwenye viatu vya mwenye hoteli, naye akaruka nyuma.

"Uwii, samahani bosi, mikono yangu leo sijui imelogwa!" Kitinda akapiga kelele, anacheka, anainama, anamsogeza mteja huku na huku. Na katika kuinuka akapita kwa baba, akachukua kisu, akakifungua, akakirudisha mkononi mwa mzee. Mwenye hoteli alipoinua macho, Fundi alikuwa ameshakata mshono.

Kazi ilipatikana. Mwenye hoteli aliondoka akiahidi kuleta viti vingine wiki ile ile. Mlango wa bati ulipofungwa, Fundi alikaa juu ya kiti kilichopinduliwa, katikati ya miguu ya kiti.

"Nani kakigusa kisu changu?"

Ndilo swali lile lile alilolitamani usiku kucha. Dada Mkubwa alijibu kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, baba. Kilikuwa kimelegea."

"Nilikilegeza mwenyewe," alisema mzee. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikiweka kisu mezani, akatoka nje kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Dada Mkubwa alimgeukia mdogo wake. "Tangu lini?"

Kitinda alikuwa amepiga magoti, anaokota pini. "Tangu mvua zilizopita. Kufungua anaweza, kikiwa kimelegea. Kufunga ndiyo hawezi, anajikata. Alijikata mara mbili, ukamwuliza, akasema ni bati la mlango."

"Na wewe ukanyamaza! Mimi ni nani humu, mpangaji?"

"Alinikataza, dada. Alisema mkubwa asijue. Alisema, 'Siku yule akijua, ataanza kuniangalia kama kochi lililoletwa kutengenezwa.'" Kitinda aliinuka, macho yamemlowa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Ulidhani ananipenda zaidi, eti? Mimi ananipa mkononi kwa sababu kwangu haoni haya. Mimi ni Kitinda tu, nione nisione. Ni mbele yako ndipo anapojikaza. Ukipita, anaficha mikono mfukoni. Unajua nimekuonea wivu kiasi gani?"

Dada Mkubwa hakujua. Alikaa kitako palepale penye pini. Alimkumbuka baba yake akisimama mlangoni na mikono mfukoni, siku nyingi, akimtazama anavyoshona, na yeye akishona kwa hasira bila kuinua uso.

Mchana hakula. Alikichukua kisu mezani, akatia tone la mafuta kwenye kimsumari, akalisukuma bapa huku na huku, akalegeza, akajaribu, akalegeza tena. Alijaribu kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ule usiojua kazi. Bapa lilipotoka kwa uvivu kama alivyolikuta, na bado halichezi kiasi cha kuanguka, akajua ndipo. Mwenye duka la vifaa asingeweza kumuuzia hicho kwa bei yoyote. Ncha yenye makali mapya aliisugua kwa tupa ikawa butu kama zamani, isije ikamkata mzee. Akakirudisha mezani, kimefungwa, akarudi kwenye cherehani.

Fundi aliingia, akakiokota. Akakiinamisha, bapa likatoka lenyewe. Alikitazama kwa kitambo, wala hakumtazama aliyekitengeneza.

Alasiri kijana wa hoteli alishusha kiti cha pili, na mwenye hoteli mwenyewe akafika kushuhudia. Fundi akafungua kisu kwa kidole kimoja, akakata mshono kwa mkato mmoja mrefu, bila kusita, na yule bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaona alichotaka kuona, akaaga.

Kikabaki kisu, kiko wazi, mkononi mwa mzee. Kitinda alishanyoosha mkono kwa mazoea. Fundi akampita. Akazunguka meza hadi kwenye cherehani, akasimama mbele ya binti yake mkubwa, akatoa na ule mkono mwingine mfukoni, ili yote miwili ionekane. Kisu kilikuwa kinatetemeka hewani, mpini ukielekea kwake.

"Nifungie, mama," alisema.

Miezi yote ile Dada Mkubwa alikuwa amekililia kisu kile kimfikie mkononi. Alikipokea kwa vidole vyake vizima, akakifunga, na akatamani kwa roho yake yote kingebaki kinawekwa mezani.