Asubuhi ya Zamu ya Koleta

"Fanueli, hayo maji yanakwenda wapi?"

Alikuwa ameinama kwenye njia panda ya mfereji, jembe mkononi, kisigino kimezama katika tope alilokuwa amelichimbua. Hakuinua kichwa upesi. Maji kidogo, yasiyozidi upana wa kiganja, yalikuwa yamekwisha kupita chini ya unyayo wake na kuteremka kushoto, upande wa nyumba yake, ilhali siku hiyo maji yote yalipaswa kwenda kulia, kwenye maharage ya Koleta.

"Nakuuliza wewe, msimamizi wa ndiva. Au siku hizi umekuwa mwizi wa ndiva?"

Koleta, jirani yake, alikuwa mjane mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alisimama juu ya ukingo, kanga ya pili ameikaza kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi mrefu.

"Ni kidogo tu, dada."

"Kidogo! Basi na maharage yangu yanyauke kidogo tu?"

Alikuwa na haki. Hapo Vudee, ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na mababu chini ya chemchemi. Hujaa usiku kucha, na alfajiri mtu mmoja anayeaminiwa na wote huchomoa kizibo na kuyapeleka maji kwa mwenye zamu. Mtu huyo alikuwa Fanueli, na kabla yake alikuwa baba yake. Katika miaka ile mambo mengi yalikuwa yamelegea. Kahawa haikuwa na bei, vijana walikuwa wameteremka Same kuuza mitumba kando ya barabara kuu, na hata zahanati, iliyokuwa ya bure tangu kujengwa kwake, ilikuwa imeanza kutoza. Zamu ya maji ilikuwa imebaki vilevile.

"Ni kwa ajili ya mtoto," alisema Fanueli.

Habari za mtoto Koleta alizijua. Aliteremka, akachukua jembe mkononi mwa jirani yake, akaliziba tundu lile kwa madongo mawili. "Kamwambie yule nesi wako wa vichaa," akasema, kwa sauti ya chini sasa. "Mwambie unavyofanya."

Mke wa Fanueli aliitwa Ikupa. Alizaliwa bondeni, kwenye kambi ya mkonge, na wazazi waliotoka Mbeya kutafuta kazi. Chasu, lugha ya Wapare, alijifunza ukubwani, na wanawake wa Vudee walimcheka mpaka siku aliposhinda kwa kuwacheka wao. Biashara ya mitumba iliporuhusiwa, yeye naye akawa anateremka Same kila Jumatatu, akirudi na furushi la sweta za watoto. Binti yao, Leticia, alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani, hata mvua inyeshe. Jumatatu moja wakagombana kwa sababu ya viatu. Leticia akakaa nyuma ya jiko, akakataa kutoka. Ikupa akaita mara mbili, akaondoka peke yake. Jioni gari likapinduka kwenye kona za mlima.

Asubuhi baada ya mazishi Fanueli aliiona alama ya kisigino cha mkewe, imekauka katika tope la mfereji, pale alipokuwa akivukia. Ilikuwa zamu yao. Alikwenda juu, akachomoa kizibo kwa kuwa ndiyo kazi yake, na maji yakapita juu ya alama ile.

Leticia hakulia. Alianza kumsindikiza baba yake: ndivani, shambani, kanisani, hata chooni, ambako alisimama nje akiita, "Baba?" mpaka aitikiwe. Shule aliiacha. Mwalimu alipokuja kumchukua, alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. "Nisiyemsindikiza harudi," alisema, kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina lake.

Wengine walishauri fimbo, wengine maombi. Nesi Dorkas, aliyesomea uuguzi wa magonjwa ya akili na kupanda kutoka Same kila Alhamisi, hakushauri kitu. Aliketi na mtoto kwenye benchi nyuma ya zahanati, akaweka kati yao kikombe cha bati na bakuli la maharage.

"Hofu yako nionyeshe kwa haya. Baba akiwa hapa, kikombe kiwe na kiasi gani?"

Leticia akatia punje chache.

"Na akipotea nyuma ya kona ile ya njia?"

Akamimina yote.

Siku nyingine alimwuliza, "Gari lilipinduka kwa nini?"

"Wanasema breki."

"Jumatatu nyingine zote ulizomsindikiza, hizo breki ulizishika wewe?"

"Hapana."

"Na mimi, kila Alhamisi nikipanda huku, nani hunisindikiza?"

"Hakuna." Akamtazama nesi toka miguuni hadi kichwani. "Labda wewe ni mnene, hufi upesi."

Dorkas alicheka mpaka akafuta macho. Lakini Leticia alikuwa amegeuka kulitazama jani la mgomba lililoning'inia karibu na benchi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Ila ningemuaga."

"Ndiyo," alisema Dorkas. "Ungemuaga." Waliketi hivyo, na Fanueli, aliyekuwa akingoja pembeni, aligeuka akautazama ukuta.

Wakapanga, wote watatu, kumsindikiza baba kwa kupunguza. Kwanza mpaka kwenye mkuyu, walikokwenda wiki nzima, kisha mpaka migombani, kisha mlangoni. Kila mara Leticia alibaki na kikombe chake, akikijaza, akingoja, akitoa punje hofu ilivyoshuka. "Itashuka yenyewe," Dorkas alikuwa amemwambia. "Usiifukuze. Ikae, ichoke."

Asubuhi ya kwanza ya mlangoni ilitokea kuwa zamu yao. Maji yalipofika uani mtoto alipiga makofi. "Baba amefika ndivani!" Aliporudi, Fanueli aliukuta uso ambao hakuwa ameuona tangu msiba. Kesho yake maji yalikuwa ya mtu mwingine. Akasimama kwenye njia panda, akauwaza uso ule, akafukua kidogo kwa kisigino.

Alhamisi baada ya Koleta kumkuta, alimweleza Dorkas yote, kofia mkononi.

"Na siku maji yakichelewa?"

"Juzi yalichelewa. Alipanda mbio mpaka juu, bila viatu."

"Na kikombe?"

"Hakigusi tena. Anangoja maji."

Dorkas aliitikia kwa kichwa, bila kukunja uso. "Mimi sikulaumu, Baba Leti. Mwanangu angekuwa katika hali ile, hata mimi ningefukua. Lakini kila asubuhi unamthibitishia kwamba bila maji yale wewe umekufa." Akamsogezea kikombe na bakuli. "Hebu niambie. Ukiwa kule juu, nawe huoni nyumbani kuna nini, kikombe chako kinakuwaje?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Fanueli alitazama bakuli. Aliingiza mkono wake mkubwa wenye sugu, akateka maharage, akatia, akateka tena. Kikombe kilipojaa hakuacha. Punje ziliruka benchini, zikaingia majanini, naye aliendelea kumimina mpaka Dorkas alipomshika mkono, akauacha mkono wake hapo.

Leticia alielezwa mbele ya baba yake, bila kufichwa, kwamba maji yale yalikuwa ya wizi na yatakoma. Alinuna. Kisha akauliza, "Na asiporudi kweli?"

"Siwezi kukuahidi kwamba watu hawafi, mwanangu," alisema Dorkas. "Wewe unajua. Tunachojaribu ni hiki tu: kama kubaki kwako ndiko kunakomuua."

"Basi iwe zamu ya Mama Koleta," akasema mtoto. "Yeye hatamwachia Baba aibe. Na siku hiyo nitakwenda shule. Nikishindwa, nitashindwa."

"Ukishindwa utaniambia ilikuwaje," alisema Dorkas, "halafu tutaanzia hapo."

Asubuhi ya zamu ya Koleta ilikuwa na ukungu. Leticia alisimama mlangoni, sweta ya shule imembana mabegani. Ilitoka katika furushi la mwisho ambalo mama yake aliwahi kulifikisha nyumbani.

"Baba, kwaheri."

"Kwaheri, mama."

Hakugeuka. Alichomoa kizibo, na maji yakaguruma, yakaelekea kulia yote. Pale njia panda Koleta alikuwa amesimama, lakini hakuwa na jembe. Alimpa kiazi kitamu cha moto katika jani, akaenda zake shambani. Fanueli alirudi akakaa kwenye ukingo wa ndiva. Alitamani kuteremka. Alikishika kiazi mpaka kikapoa. Chini, ukungu ulifunika nyumba, njia na shule, na hofu ikapanda. Akaiacha ikae. Bwawa lilipungua polepole hadi likaonyesha matope yake.

Kengele ya shule, kipande cha reli kinachogongwa kwa nondo, ililia mahali fulani ndani ya ukungu.

Aliteremka maji yalipokwisha, akifuata ule mfereji wa kushoto, mkavu. Karibu na mkuyu alisimama. Kwenye mchanga laini palikuwa na nyayo ndogo zikipanda kutoka nyumbani, zikimfuata. Chini ya mti zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine, mahali ambapo mtu alisimama kwa muda na kuzunguka. Punje za maharage zilitapakaa hapo. Kisha nyayo zilitoka ndani ya mfereji, zikashika njia ya shule, zikiwa zimeachana, hatua za mtu anayekimbia.

Fanueli alichuchumaa. Aliinyoosha mikono yake juu ya alama moja bila kuigusa, kama mtu anayeota moto.

Kesho ilikuwa zamu yao. Maji yangepita hapo.