Sindano na Jina la Kumi na Moja

Ulipita. Usikatae, ulipita. Jumapili baada ya misa ulipita mbele ya nyumba ya Constant Kitwa, pale karibu na kambi ya cheminots, wafanyakazi wa reli, ukasikia wanawake wakiimba kutoka kwenye baffle mbili, spika kubwa kama makabati, wakitaja mmoja mmoja watu waliozama, nawe ukageuza uso upande wa pili kana kwamba kulikuwa na kitu cha kutazama kule. Kulikuwa na mbuzi. Miaka kumi na tano Kamina nzima inatazama mbuzi.

Lakini usikasirike upesi, maana Kitwa aliyewaita ninyi viziwi kwa sauti ya watt mia mbili ndiye aliyekuwa kiziwi namba moja wa mtaa, na habari zake zitakuchekesha kabla hazijakuuma.

Kitwa alikuwa fundi wa breki za mabehewa mpaka alipostaafu. Shule aliiacha darasa la sita. Kifaransa alijifundisha kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa samaki wakavu wa Kinkondja, ndiyo sababu mpaka leo hajui mwisho wa habari nyingi: kipande kilichobaki kilikuwa na mafuta. Barua za malalamiko aliandika yeye. Za maji, za shule, za makaburi yaliyolimwa mihogo. Na alikuwa na kumbukumbu ndefu ya kutisha. Angeweza kukuambia ni nani alimrudishia barua yake mwaka 1992 bila kuifungua, siku gani ya juma, na kwamba mtu huyo alivaa shati la kijani lenye kifungo kimoja cheusi.

Kitu kimoja alikiandika kuliko vingine vyote. Mwaka 1974 chombo kilichotoka Bukama kwenda Kinkondja kilipinduka kwenye mto Lualaba, watu kumi na mmoja wakafa. Wa sita kati yao alikuwa Mbayo, baba yake Kitwa, naye Kitwa alikuwa mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyeandika orodha ya waliokufa. Wake za cheminots ndio waliotunga wimbo, wakataja majina yote kumi na moja, moja baada ya jingine, na wimbo ule ukatiwa kwenye diski ndogo ya gramafoni huko Lubumbashi. Diski zilikuwa chache. Nyingine zilivunjika, nyingine batoto walizirusha hewani kama sahani za kuchezea. Ilibaki moja, ya Kitwa.

Mwaka huu, mapema Oktoba, abbé Noé, padre wa parokia yao, alichoka kupokea barua. Akamwita.

“Papa Constant, nimesoma. Zote. Hata ile ya kurasa kumi na nne.”

“Ile ilikuwa muhtasari, mon père.”

“Nilete majina kumi na moja kwenye karatasi moja. Moja tu, nakuomba. Mwashi atayachonga kwenye ukuta wa kanisa, na Siku ya Marehemu nitayasoma kwenye misa. Lakini yawe kamili. Ukuta hauchongwi mara mbili.”

Kitwa alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Akaketi, akaandika namba moja mpaka kumi na moja, akajaza. Moja, mbili, tatu. Sita: Mbayo. Akafuta macho. Saba, nane, tisa, kumi.

Kumi na moja.

Kalamu ikasimama. Akakuna kichwa. Akalikumbuka shati la kijani, akakikumbuka kifungo cheusi, jina la kumi na moja halikuja. Na sababu aliijua, ingawa alichukua nusu saa kuikubali: miaka yote ile, jina la baba yake lilipoimbwa alianza kulia, akatafuta kitambaa, akapenga kamasi, na kila aliporudi kwenye akili zake wimbo ulikuwa umekwisha. Wa kumi na moja hakuwahi kumsikiliza hata siku moja. Alikuwa anamtazama mbuzi wake mwenyewe.

Haidhuru, diski ipo. Akaiweka kwenye gramafoni, akaongeza sauti. Ilipofika mwisho, karibu na karatasi ya katikati, kilichotoka kilikuwa hivi: *khrrrrr*, halafu “yoo mama,” halafu *khrrrrr*.

Akaenda kwa mama Julie, aliyebaki peke yake katika wale waimbaji.

“Yaya Julie, dada yangu, jina ya mwisho ilikuwa nani?”

“Weye mutoto, minyi nilikuwa alto!”

“Ndiyo, lakini uliimba.”

“Majina alikuwa anayataja soliste, ule wa kuongoza. Siye ba alto tulikuwa tunaitika ‘yoo mama’ tu. Unataka nikuimbie? Iko muzuri.” Akamwimbia “yoo mama” mara kumi na moja, bila kuruka hata moja, na kwa kweli ilikuwa nzuri.

Sasa hapa ni lazima mjue mashine ya Kitwa, maana mtu huyu alijinyima nyama kwa ajili yake. Gramafoni aliinunua 2009, ya mkono wa pili. Mwaka uliofuata akaona sauti ndogo, akanunua ampli ya kuikuza. Kisha zile baffle. Kisha Guylain, anayeleta vyombo vya muziki kutoka Lubumbashi na kuviuza sokoni, akamwambia waya zake ni za kimaskini; akanunua waya za rangi ya dhahabu, nene kama kidole gumba, ambazo kazi yake, alivyoeleza Guylain, ni kuchuja sauti kama unavyochuja maji ya kunywa. Sauti haikubadilika. Kitwa aliapa kwa wageni wote kwamba imebadilika. Kisha akasikia kwamba gramafoni haipendi kutikisika, akanunua kwa fundi wa makaburi bamba la saruji lililokosewa herufi, akaliweka chini ya mashine. Mpaka leo ukiketi sebuleni kwake unasoma PUMZIKA KWA AMAN. Kisha betri na paneli ya jua, kwa sababu umeme ukikatika mapambano yasikatike.

Na diski ilipoanza kurukaruka? Hapo Kitwa hakumuuliza mtu. Yeye alikuwa mtu wa reli. Behewa tupu ndilo linaloruka reli, lililopakiwa halitoki. Akachukua nati ya chuma kwenye kopo lake la kumbukumbu za karakana, akaibandika juu ya mkono wa gramafoni, na mkono haukuruka tena. Alifurahi kwa wiki nzima. Kila Jumapili, kwa miaka mingi, nati ile ilikandamiza sindano ndani ya sauti za wale wanawake.

Akahesabu fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Zilitosha kununua kitu kimoja. Kitu gani, kwake halikuwa swali: jina halisikiki, basi ampli kubwa zaidi. Maisha yake yote alikuwa akifanya hivyo. Wasiposikia, piga kelele; wasiposikia tena, piga zaidi.

Mke wake, Priscille, alikuwa anashona sare za kwaya kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

“Baba Nkulu, ile sindano ya hiyo kintu yako ulibadilisha lini?”

“Sindano gani?”

“Ile inagusaka diski.”

“Ilikuja na mashine.”

“Mashine ilikuja lini?”

Kitwa, mwenye kumbukumbu ndefu, alijibu kwa fahari: “Tarehe tatu mwezi wa saba, 2009, siku ya Ijumaa.”

Priscille akasimamisha cherehani. “Minyi nabadilishaka sindano ya machine kila mwezi. Ikikuwa butu haishone tena, inapasula nguo. Na minyi siwekake bulon juu yake.”

“Ni nati.”

“Aka! Kumbe ni nati. Pardon, camarade.”

“Mama Nkulu, hii ni mambo ya elektroniki. Weye shona.”

Akaondoka na diski ndani ya bahasha, chini ya koti, kwenda kwa Guylain.

Guylain alimpokea kwa mikono miwili, kama anavyopokelewa mgonjwa tajiri hospitalini. “Vieux Constant! Hapa njo mwisho ya mateso. Watt mia tano. Ukiifungula, bantu ya Bukama batauliza nani anabaita.”

“Tuijaribu na diski yangu.”

Guylain akaiweka kwenye gramafoni ya dukani, akapandisha sauti mpaka mabati ya soko yakaanza kuongea. Wanawake wakaimba jina la kwanza, na jina la kwanza likasikika kama vitumbua kwenye mafuta. La pili vilevile. Kitwa akasogea, akangoja la sita, akiwa tayari na kitambaa.

“Mbayo,” alisema Kitwa kwa sauti, pamoja na wimbo, machozi yakiwa tayari. Akamgeukia mwanamke aliyeuza samaki wa Mulongo kando ya duka. “Umesikia, mama? Ule alikuwa baba yangu.”

Mwanamke akatazama juu, angani, kisha akamtazama yeye. “Papa, minyi nasikia mvua. Nilitaka kufunika samaki.”

“Hapana, sikiliza. Mbayo.”

“Weye njo unasema Mbayo. Ile kintu inasema *shhhh*.”

Kitwa akaomba Guylain arudie. Safari hii alifunga mdomo wake kwa mkono, akasikiliza kama mtu asiyejua. *Shhhh-ayo*. Hakukuwa na Mbayo. Miaka mingapi hakukuwa na Mbayo? Yeye ndiye aliyekuwa akilijaza jina kutoka kichwani, kila Jumapili, huku nati yake ikilifuta. Alikuwa ameutangazia mji mzima mkwaruzo, kisha akawalaani kwa kutosikia majina. Ninyi mliokuwa mnamtazama mbuzi, kwa hilo mlikuwa na haki kidogo. Kidogo tu.

“Guylain,” alisema taratibu, “uko na sindano?”

“Sindano? Vieux, bantu wanataka puissance, nguvu, hakuna mwenye kuulizaka sindano.”

“Minyi njo nauliza.”

Guylain akainama chini ya meza, akatoa kisanduku chenye vumbi. Zilikuwemo za aina mbili. Ile ya bei ndogo ilikuwa na ncha ya mviringo kama ile ya Kitwa. Ya pili, iliyokaribia bei ya ampli, ilikuwa na ncha nyembamba sana, na Guylain, ambaye kumbe alijua kazi yake alipotaka, alisema neno moja la kweli katika miaka kumi na tano: ncha ya mviringo inapita palepale palipokwisha kulika, ile nyembamba inashuka chini zaidi ya mfereji, pahali ambapo ya zamani haikufika.

“Juu ya nini haukuniambia tangu mwanzo?”

“Vieux, kila mara ulikuja umeshakasirika. Nani ataongea na weye sindano?”

Fedha za mabati zikaishia kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Nyumbani Kitwa alimpa Priscille kisanduku, akamsogezea kiti mbele ya gramafoni, na ni haki kuandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwona akiomba msamaha kwa ukamilifu namna ile. Priscille akabandua nati, akasafisha mkono wa gramafoni, akaitia sindano mpya kwa vidole vilivyozoea uzi. Kizito cha nyuma akakisogeza kidogo kidogo mpaka mkono ukaelea, kisha akaushusha kidogo tu.

“Iko mwepesi sana, itaruka,” alisema Kitwa.

“Nyamaza.”

Walikubaliana kuipiga mara moja tu, na simu ya Priscille ikirekodi. Zile baffle hawakuziwasha. Waliinama wote wawili juu ya mashine na kusikiliza kwa kiredio kidogo alichokiunganisha Priscille, vichwa vikigusana, vichwa ambavyo havikuwa vimegusana tangu harusi ya Nkulu, mtoto wao.

Mkwaruzo ulikuwepo, lakini umeenda mbali, kama watu wanaofagia uwanja wa jirani. Na mbele yake, soliste. Moja. Mbili. Tatu. Kufika sita, jina la Mbayo likatoka zima, na Kitwa akauma kola ya shati lake asilie, kwa sababu safari hii alikuwa na kazi. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Akasogeza sikio.

*“Na Mama Ngoie.”* *Yoo mama.*

Kitwa akaruka juu. “Tumemupata! Mama Ngoie! Kumi na moja!” Akaikamata kalamu, akaandika, akakaa akilitazama neno alilolijua vizuri mno. Polepole furaha ikamtoka usoni. “Ngoie gani?”

“Hiyo haiko jina yake,” alisema Priscille. “Hiyo ni jina ya mutoto wake.”

“Ukiita Ngoie mu soko ya Kamina, nusu ya soko inageuka.”

“Hata bale bamama hawakutaja jina yake. Soliste aliimba vile walimuitaka.” Priscille alifunga gramafoni. “Minyi nikikufa utawapa nani kwenye ukuta? Mama Nkulu?”

“Aka, weye! Minyi najua jina yako.”

“Ile ya kuzaliwa? Ya Kiluba? Sema.”

Kitwa akafungua kinywa. Shati la kijani likamjia. Kifungo cheusi kikamjia. Ndege mmoja akapita juu ya nyumba, akaimaliza safari yake.

“Kyabu,” alisema mwishowe.

“Umechelewa,” alisema Kyabu. “Lakini umefika.”

Abbé Noé alipoiona karatasi alikataa kuchonga “Mama Ngoie” na alikuwa na haki. Kumi wamo tayari ukutani, na chini yao mwashi ameacha nafasi, laini, bila herufi. Kitwa hakuandika barua. Alipita nyumba kwa nyumba, akauliza kwa sauti ya chini, na watu wengi wakamwambia pole, kisha wakageuza uso. Sasa ni Alhamisi. Siku ya Marehemu ni Jumapili.

Basi, weye Ngoie. Uliyekuwa mtoto mwaka 1974. Ulielelewa na shangazi, ukaambiwa mama yako alienda Kinkondja kutafuta samaki, na ulipouliza mara ya pili ukapewa chakula ili unyamaze. Uko Kamina, au Bukama, au Mulongo, na ukisoma hapa unasema Ngoie ni wengi, haniiti mimi. Ni wewe. Na ninyi mnaomjua Ngoie wa namna hiyo, mumshike mkono. Acha hicho ulichokishika. Mpigie simu shangazi, kama bado yuko hai, leo, si kesho, umuulize mama yako aliitwa nani kabla hujazaliwa. Liandike kwenye karatasi, ulilete parokiani kabla ya Jumamosi saa sita. Simama sasa. Nenda.