Nati Mbili za Katikati

Tangu ana miaka kumi na miwili, Twyla Stuckwisch alikuwa akiosha vipuri vya baba yake kwa mafuta ya taa mpaka vidole vinachubuka. Sasa alikuwa na arobaini na minne, na alikuwa amechoka kuosha. Kwa majira mawili ya baridi alijifungia kwenye banda la nyuma na trekta la mwaka 1948 alilolikuta limeota kutu kwenye shamba la jirani. Alitanua silinda mpaka ukomo unaoruhusiwa na chama cha mashindano ya trekta, akaweka pistoni mpya, akazichonga njia za hewa kwa mkono hadi zikawa laini. Hakumwomba mtu hata spana.

Kisha trekta hilo likapata kazi. Siku ya Pasaka, nyama ya nguruwe ikiwa bado inafuka mezani, baba yake, mzee Orville, alitamka mbele ya ukoo mzima: "Nikishavuna mahindi nahamia mjini. Karakana yangu nampa atakayemshinda mwenzake kuvuta uzito kwa trekta kwenye maonyesho ya wilaya. Nimemaliza."

Mwenzake alikuwa Gaylen, mdogo wake. Mtu wa watu, Gaylen, mcheshi, lakini ukimwekea injini na mkate mbele yake atakuuliza ni kipi kinapakwa siagi. Trekta aliloendesha, kila nati yake ilifungwa na baba.

Jumamosi ya maonyesho, Gaylen aliivuta tela ya uzito mpaka mwisho wa uwanja. Watu wakapiga makofi. Akaja Twyla na trekta lake bovu la sura, akaivuta mpaka mwisho vilevile, na injini haikukohoa hata mara moja. Watu walisimama, wengine wakasahau mikate yao mkononi. Ikabidi wavute tena wawili hao, tela ikiongezwa uzito, baada ya saa moja na nusu.

Hapo ndipo Gaylen aliponyoosha mkono kwa Loren Hufnagle, mkaguzi wa chama. "Naomba injini ya dada ifunguliwe," alisema, huku akitazama viatu vyake.

"Wewe Gaylen, umeyatoa wapi hayo?" Twyla alimuuliza. "Ukomo wa silinda unaujua ni ngapi?"

"Dada, ni sheria tu. Usinikasirikie."

Sheria ilikuwepo kweli. Mshindani yeyote anaweza kudai, na anayedaiwa hufungua mbele ya wote. Asipokuwa uwanjani akiitwa tena, ametoka. Kila mtu alijua maneno yale yametoka kinywa gani. Mzee Orville alikuwa ameketi nyuma ya pikapu yake anakunywa maji ya ndimu, ametulia utadhani yuko kanisani.

Twyla alifungua. Alimwaga maji, akatoa mabomba, akalegeza nati, akainua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mwenyewe. Loren akapima silinda zote nne, akapima tena, akafuta mikono. "Halali," alisema kwa sauti ya kusikika. "Na niseme ukweli, kazi safi kama hii sijaiona miaka mingi."

Furaha ilimpanda Twyla mpaka masikioni. Lakini zilibaki dakika thelathini na tano, na injini iko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Alitoa gasketi mpya ya kuzibia chini ya kifuniko kwenye sanduku lake, maana yeye si wa kutoka nyumbani bila akiba, akaanza kurudisha. Alifanya haraka mno. Nati ya kwanza ikamponyoka, ikaangukia kwenye nyasi.

"Sogea," ilisema sauti nyuma yake.

Ni baba. Amekunja mikono ya shati, anaitazama injini ya Twyla. Miaka yote hiyo hakuwahi kugusa kitu alichokitengeneza binti yake.

"Funga mabomba na sumaku ya cheche. Hizi nati za kifuniko nitakaza mimi," alisema Orville, akachukua spana ya kipimo, ile inayoonyesha nati imekazwa kiasi gani. "Njia za hewa umezichonga kwa mkono?"

"Kwa mkono, Baba."

"Hm. Umejitahidi, mwanangu."

Jamani! Neno lile alilisubiri tangu utotoni. Alikazana na mabomba, macho yamejaa machozi, hakuona chochote zaidi ya bomba lililo mbele yake.

"Tayari?" aliuliza Twyla.

"Nimekaza," alisema mzee, akamrudishia spana na kuondoka.

Pale wilayani kuna jambo halifanywi: huzipimi tena nati alizokaza Orville Stuckwisch. Mtu mmoja aliwahi kuzipima, na Orville hakusema naye tena mpaka alipomzika. Twyla aliishika spana, akaitazama injini, kisha akairudisha sandukuni. Angewezaje? Leo, baada ya neno lile?

Gaylen alitangulia, akakwama futi kumi na tano kabla ya mwisho. Twyla akaunganishwa na tela. Injini ilinguruma vizuri, magurudumu yakauma udongo, akapita nusu ya uwanja akiwa bado na nguvu za kutosha. Kisha kishindo kikasikika pwaa, mvuke mweupe ukamlipukia usoni, na trekta likasimama.

Walipolivuta pembeni, Twyla alichukua spana yake, akazipima nati za kifuniko. Nati za pembeni zilikuwa ngumu, zimekazwa kifundi. Mbili za katikati ziligeuka kwa nguvu ya kidole. Na katikati ndiko kila fundi anapoanzia. Hakuna anayepasahau, hata mlevi.

Orville alikuwa amesimama upande wa pili wa gurudumu.

"Baba," alisema Twyla. "Hizi ulizikaza?"

"Fundi hukagua mwenyewe," Orville alijibu. "Wewe hukukagua. Ulitaka kusifiwa. Mtu wa kutaka kusifiwa simwachii karakana."

"Ulisema nimejitahidi."

"Umejitahidi, ndiyo. Sikukudanganya." Akavaa kofia yake na kwenda kumpa Gaylen mkono.

Twyla alibaki amechuchumaa, shavu limeungua kwa mvuke, moyo unamuuma kuliko shavu. Alitaka kupiga kelele, akose heshima mbele ya wilaya nzima, badala yake akaanza kuokota spana zake moja moja.

Baadaye Gaylen alikuja na kombe kwapani, amebeba bilauri mbili za maji ya ndimu. Akampa moja.

"Dada, pole sana. Sasa sikiliza," alisema, akiinama karibu. "Jumatatu uje mapema kule karakana kwangu. Kuna injini za watu na mimi sijui hata pa kuanzia."

Twyla alitazama mikono yake myeusi kwa mafuta. Alikuwa na tusi tayari mdomoni, zito, la kumtosha Gaylen na baba pamoja.

"Injini gani?" aliuliza.